Kambi imfuate mtoto, isimchagulie kitabu

Februari 2025, katika shule zinazoendeshwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kitabu cha watoto kiitwacho Freckleface Strawberry kiliwekwa kando ili kichunguzwe. Kinamhusu msichana wa miaka saba anayechukia madoadoa ya usoni mwake mpaka anapojifunza kuishi nayo. Mwandishi wake ni mwigizaji Julianne Moore, binti wa mwanajeshi, ambaye mwenyewe alihitimu katika mojawapo ya shule hizo hizo, mjini Frankfurt, Ujerumani. Mtoto wa kambini amekua, amewaandikia watoto kitabu, na kambi iliyomlea imekitilia shaka. Madoadoa ya msichana yanahatarisha vipi usalama wa taifa? Ningependa kusikia jibu kutoka kwa mtu mwenye nyota mabegani.

Kisa hicho ni kidogo ndani ya uamuzi mkubwa. Mwezi uliotangulia, Rais Donald Trump alitia saini amri za kuondoa serikalini, jeshini na shuleni kile ambacho utawala wake unakiita itikadi ya jinsia na mafundisho ya kuwagawa watu kwa rangi. Wakala wa Elimu wa Wizara ya Ulinzi, unaojulikana kwa kifupi kama DoDEA, ukaingia kwenye maktaba na mitaala ya shule zake kuzitekeleza. Karibu vitabu 600 vikaondolewa, na orodha yake kamili ikaja kujulikana Julai kupitia mahakamani. Wanafunzi waliofungua shauri walieleza kuwa mambo yaliyoguswa ni pamoja na utumwa, historia ya wenyeji wa asili wa Marekani na hata masomo ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Maadhimisho kama Mwezi wa Historia ya Watu Weusi nayo yakafutwa.

Uamuzi huu ni mbovu. Kinachoudhi zaidi ni kwamba umeharibu kitu ambacho jeshi la Marekani lilikuwa likikifanya vizuri kuliko taasisi nyingi za nchi hiyo, yaani kushirikiana na shule ili mtoto wa askari asilipe gharama ya kazi ya mzazi wake.

Mtoto wa mwanajeshi wa Marekani huhama shule mara sita hadi tisa kati ya chekechea na mwisho wa sekondari. Takriban wanne kati ya kila watano wanasoma shule za umma, nje ya mamlaka ya jeshi. Ndiyo maana kambi na shule zimelazimika kuzoeana. Tangu mwaka 1950, serikali kuu huzilipa fidia wilaya za elimu zinazopakana na kambi, kwa sababu ardhi ya jeshi haitozwi kodi ya majengo ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo huendesha shule za huko. Mwaka 2008 ulianza mkataba wa majimbo kuhusu elimu ya watoto hawa, na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa yamejiunga. Chini ya mkataba huo, mwanafunzi aliyefaulu somo Texas hatakiwi kulirudia Virginia, hacheleweshwi kuhitimu kwa sababu ya kuhama, na hupewa muda wa kukamilisha chanjo akiwa tayari ameketi darasani. Mwaka 2017 jimbo la Ohio likaanzisha tuzo ya Nyota ya Zambarau kwa shule zinazoteua mtumishi wa kuwapokea watoto wa wanajeshi, na majimbo mengine mengi yakaiga. Kambi, kwa upande wake, huajiri maofisa wa uhusiano na shule na kupeleka washauri nasaha madarasani wakati wazazi wako vitani.

Katika ushirikiano huo, kambi hubeba matokeo ya uhamisho na shule ikabaki na kazi ya kufundisha. Hakuna kamanda anayekwenda shule ya umma kukagua rafu za vitabu. Angejaribu, bodi ya shule ingemwonyesha mlango.

Shule za DoDEA zina hali tofauti, kwani huko kambi na shule zina mwajiri mmoja. Zilianza mwaka 1946 kwa ajili ya watoto wa wanajeshi waliobaki Ujerumani baada ya vita, na leo ni shule 161 katika nchi 11, majimbo saba, Guam na Puerto Rico, zenye wanafunzi wapatao 67,000. Nazo si shule za kubezwa. Katika mtihani wa taifa wa mwaka 2024, wanafunzi wake wa darasa la nne na la nane waliongoza nchi nzima katika kusoma na hisabati, wakiwa alama 14 hadi 25 juu ya wastani wa taifa. Mtu mwenye shule za namna hiyo mkononi angejiuliza mara mbili kabla ya kuzipangua.

Wanaotetea uamuzi huu wana hoja zao. Wanasema shule ni mali ya Wizara, na mwenye mali ndiye apangaye. Wanasema vitabu havikuchomwa, na anayevitaka atavinunua. Wanaongeza kwamba wapo wazazi wenye sare waliokerwa na baadhi ya vitabu hivyo, na wao pia ni wazazi. Hoja hii ya mwisho ina uzito kiasi, maana mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe anasoma nini. Lakini haki ya mzazi mmoja kumzuia mwanawe asisome kitabu haimpi Waziri ruhusa ya kuwazuia watoto 67,000. Kuhusu kununua, mtoto wa darasa la tano aliye kambini Okinawa hanunui vitabu, huazima maktaba ya shule. Na hoja ya umiliki ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu inasahau wateja wa shule hizi ni watu gani.

Katika nchi yoyote inayojali raia wake, mzazi asiyeridhika na shule ana njia tatu. Anaweza kuhama au kumhamisha mtoto. Anaweza kupiga kura ya kuwaondoa waliofanya uamuzi. Na anaweza kupaza sauti, gazetini, mkutanoni au barabarani. Shule ya umma ya Marekani, pamoja na kasoro zake zote, inajua kwamba mzazi anazo njia hizo, na kuzijua huko ndiko kunakoifanya ijizuie. Sasa tazama kilichobaki kwa mzazi mwanajeshi.

Kuhama hakumo mikononi mwake. Kambi hachagui, anapangiwa. Askari hawezi kuandika barua ya kuacha kazi Ijumaa na Jumatatu akaanza maisha mengine. Amefungwa na mkataba, na kutoroka ni kosa la jinai. Akiwa Italia au Japani, nje ya geti kuna shule zinazofundisha kwa lugha ambayo mwanawe haijui, au shule za binafsi zenye ada ambayo mshahara wa koplo hauigusi. Akiamua kumfundishia mtoto nyumbani, ina maana mwenzi wake asifanye kazi nyingine.

Kura nayo haimsaidii. Shule ya mtaani Ohio ina bodi iliyochaguliwa na wakazi, nao wanaweza kuing'oa. Katika shule za ng'ambo za Wizara, kamati za wazazi ni za kushauri tu. Amri hushuka kutoka Washington hadi kwa mwalimu mkuu bila kupita mbele ya mtu yeyote ambaye wazazi wa kambi hiyo wanaweza kumwajibisha.

Inabaki sauti, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. Kifungu cha 88 cha sheria ya nidhamu ya jeshi la Marekani kinasema afisa mwenye kamisheni akitoa maneno ya dharau dhidi ya Rais, Makamu wa Rais, Bunge au Waziri wa Ulinzi anaweza kushtakiwa katika mahakama ya kijeshi. Jeshi lina sababu zake za kuwa na kifungu hicho, na sizipingi. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu aliyeondoa kitabu cha mtoto ndiye huyo huyo ambaye mzazi wa mtoto hapaswi kumkosoa kwa ukali. Askari wa vyeo vya chini, ambaye kifungu hicho hakimgusi, naye anajua fika kwamba anayeamua kupanda kwake cheo anakaa ofisi ya jirani.

Basi tuseme ukweli. Wizara imechukua watu ambao yenyewe imewanyima mlango, kura na sauti, ikawachagulia watoto wao cha kusoma, kisha inajigamba kuwa imewarudishia wazazi mamlaka. Mamlaka yapi? Kumshinda mtu uliyekwisha kumfunga mikono hakuhitaji ujasiri, na katika jeshi linalojisifu kwa ujasiri jambo hilo lingepaswa kuwatia watu haya.

Mzazi alikula kiapo. Kwa kiapo hicho alikubali kwamba haki zake kadhaa zitapunguzwa ili jeshi liwe na nidhamu. Mtoto hakula kiapo chochote. Mwaka 1969, katika shauri la Tinker, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba mwanafunzi haachi uhuru wake wa kujieleza kwenye geti la shule. Mwaka 1982, katika shauri la Pico, majaji kadhaa wa mahakama hiyo waliona kwamba viongozi wa shule hawana ruhusa ya kuondoa vitabu maktabani kwa kuchukia tu mawazo yaliyomo. Geti likiwa na mlinzi mwenye bunduki, uhuru huo haupungui.

Watoto wenyewe walilielewa jambo hili mapema. Februari 11, 2025, Waziri Pete Hegseth alipotembelea makao ya kamandi ya Marekani barani Ulaya huko Stuttgart, wanafunzi kadhaa wa shule ya kati ya Patch walitoka madarasani kupinga. Baba na mama wengi wakiwa wamefungwa midomo kwa sheria na kwa woga wa kupoteza mkate, watoto wa shule ya kati walisema. Aprili, wanafunzi 12 kutoka familia sita, wanaosoma Virginia, Kentucky, Italia na Japani, wakafungua shauri dhidi ya DoDEA kwa msaada wa shirika la kutetea haki za kiraia la ACLU. Oktoba, Jaji Patricia Giles akatoa amri ya muda kwamba vitabu na masomo yaliyoondolewa virejeshwe katika shule tano wanazosoma wanafunzi hao.

Ni shule tano tu kati ya 161. Kitabu kinachoruhusiwa kambi moja kwa amri ya jaji kinaweza kuwa marufuku kambi nyingine ya jeshi lile lile, na tofauti pekee ni kwamba huko hakupatikana mtoto wa kwenda mahakamani. Huo ni utaratibu gani wa kuendesha elimu?

Kwa msomaji wa Kiswahili, hadithi hii haiko mbali kama inavyodhaniwa. Mwaka 2008 Marekani ilitangaza mpango wa MAVNI, wa kuwaandikisha jeshini wageni wenye ujuzi uliokuwa adimu, ukiwemo wa lugha. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha, na Wakenya wengi walipita mlango huo. Waliandikishwa kwa sababu ya walichotoka nacho kwao. Leo mtoto wa mtu kama huyo anaweza kuketi katika shule ambayo kuadhimisha historia ya watu weusi kumefutwa kwa waraka.

Tena jeshi hili linajua kutumia amri kwa wema. Januari 12, 1954, miezi minne kabla Mahakama ya Juu haijatoa hukumu ya Brown dhidi ya ubaguzi mashuleni, Waziri wa Ulinzi Charles Wilson aliagiza shule zilizo ndani ya kambi ziache kuwatenganisha watoto weusi na weupe, na akaweka ukomo wa Septemba 1955. Alitumia mamlaka yale yale ya kushusha amri kutoka juu, na amri yake ilimwingiza darasani mtoto aliyekuwa nje. Ya sasa inaondoa vitabu mbele ya watoto walio ndani.

Kinachotakiwa hakihitaji tume. Vitabu virejeshwe katika shule zote 161 bila kungoja kila familia ifungue shauri lake. Kitabu kikilalamikiwa, kipitiwe na wakutubi, walimu na wazazi wa shule hiyo, na sababu ziandikwe na kubandikwa. Kambi ziendelee na kazi zinayoiweza, ya kupokea watoto, kuhamisha rekodi zao na kulipia washauri nasaha. Na kamanda anayeamini kuwa orodha ile ya vitabu 600 ni ya haki asimame mbele ya wazazi wa kambi yake, aisome kitabu baada ya kitabu, na kwa kila kimoja aeleze kosa lake.