Barua ya Wazi kwa Bodi ya Wahasibu: Juu ya Vijana wa Kasulu na Kibondo na Kazi ya Hesabu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu,
Dodoma.

Ndugu Mkurugenzi,

Naomba idhini ya kukuletea hadharani jambo ambalo kwa muda mrefu nimelitazama kwa jicho la mwalimu, nalo ni namna vijana wetu wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, wanavyofikia uamuzi wa kuisomea kazi ya uhasibu, au, kama inavyotokea mara nyingi zaidi, wanavyoipita kazi hiyo bila hata kuigeuzia uso. Nimeiandika barua hii iwe ya wazi kwa kuwa wazazi, walimu na madiwani wa wilaya hizi nao wana sehemu yao katika shauri hili, na ningependa waisome wakati mmoja na wewe.

Watafiti wa nchi nyingi walioliuliza swali hili aghalabu hurejea na majibu yanayofanana: kwamba kijana huvutwa na mapenzi yake ya hesabu, na matumaini ya mshahara mwema na ajira ya kudumu, na rai ya wazazi, na heshima ya kazi yenyewe mbele ya watu, na mwalimu aliyemfungulia somo hilo mara ya kwanza. Sina ugomvi na majibu hayo. Ila huku kwetu naona yote yanangojea jambo moja linaloyatangulia, ambalo mtoto wa Dar es Salaam au Arusha halihisi kwa urahisi kwa sababu amelipata bila kulitafuta: kijana awe amemwona mhasibu akifanya kazi, na awe ameona kwa macho yake kwamba kazi ile imemtendea mtu haki.

Mwalimu tunamwona kila asubuhi. Muuguzi yupo zahanati, bwana shamba hupita na pikipiki yake, askari tunamjua hata akiwa amevaa kiraia. Mhasibu wa halmashauri yeye yuko nyuma ya mlango wa ofisi mjini, na mtu wa kijijini humfikia, akimfikia, akiwa na hati ya malipo mkononi na wasiwasi moyoni. Mzazi aliyeuza maharage yake ili alipe nauli na sare za mwanawe hawezi kumshauri ashike njia ambayo yeye mwenyewe hajui inaishia wapi. Atamwambia awe mwalimu au mganga, na kwa kusema hivyo hakosei, maana anamwelekeza penye nyayo.

Tena pale ambapo wazee wetu walikutana na hesabu zilizoandikwa, hawakukutana nazo kwa heri. Zama za Waingereza, Buha, nchi yetu hii, ilihesabiwa kuwa nchi ya kutolea manamba, na lile shirika la kuandikisha vibarua wa mkonge lililoanzishwa 1944, ambalo watu walizoea kuliita SILABU, liliwachukua wanaume wa Kasulu na Kibondo hadi mashamba ya Tanga na Morogoro, ambako kila mmoja alipewa kipande chenye nafasi 30, na siku ya kazi haikuwa siku mpaka karani ameitia alama. Aliyeamka na homa hakutiwa alama. Aliyeshindwa kumaliza ngwe yake jua likatua, naye pia jasho lake lilikwenda bure. Sisemi kwamba vitukuu wa watu hao wanaichukia hesabu kwa sababu ya kipande, kwa kuwa wengi wao hawajapata hata kukiona. Lakini katika nyumba nyingi za huku mtu mwenye daftari alijulikana kwanza kama mtu wa kukupunguzia, na dhana ya namna hiyo hurithiwa kimya kimya, bila mtu kumfundisha mwenziwe.

Kisha vita vya jirani zetu vikaleta sura nyingine ya mhasibu. Tangu Warundi walipomiminika 1993, na tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, na tena 2015 kambi ya Nduta ilipofunguliwa upya Warundi walipokimbia kwa mara nyingine, miji yetu midogo ilijaa ofisi za misaada. Kijana wa Kibondo akaona magari meupe yenye antena ndefu, akaona mhasibu wa shirika amepanga nyumba nzuri, ana kompyuta mezani na mshahara usiochelewa, na mara ya kwanza kazi hii ikapata mtu ambaye kijana angeweza kumwonyesha kwa kidole na kusema, nataka kuwa kama yule. Wako waliokwenda kusoma kwa mvuto huo, na baadhi yao ni wahasibu wazuri hadi leo. Lakini mvuto ule ulisimama juu ya msiba wa watu na fedha za wafadhili wa mbali. Kambi ya Mtendeli, huko Kakonko, ilifungwa 2021. Misaada ikapungua, ofisi zikafungasha, nyumba zikabaki bila wapangaji, na wadogo wa wale waliosoma wakahitimisha kwamba uhasibu ni kazi inayokuja na magari na kuondoka nayo.

Liko na jambo la tatu, ambalo ni zito kuliko hayo mawili, nami nalitaja kwa uchungu. Kila Aprili, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowekwa mezani Bungeni, redio hufikisha hadi vilabuni na vijiweni habari za malipo yasiyo na stakabadhi, na mapato yaliyokusanywa yasifike benki, na hati zenye shaka. Majina ya wakaguzi wakuu Ludovick Utouh, Profesa Mussa Assad na Charles Kichere yamekwisha kuingia vinywani mwa watu wasiopata kuuona mlango wa chuo, na hilo ni jema. Ila masikioni mwa kijana wa miaka kumi na saba, habari hizo huzaa mojawapo ya mawazo mawili: ama kwamba wahasibu ni wezi na yeye hataki kuwa mwizi, ama kwamba mhasibu ni mtu anayekaa karibu na fedha, na anayekaa karibu na fedha hafi njaa. Nimeyasikia yote mawili darasani, na lile la pili nimelisikia likisemwa kwa tabasamu. Kijana anayeingia katika fani hii kwa wazo hilo la pili ameingia nalo kama kusudio lake tangu siku ya kwanza, na mitihani yenu, kwa ukali wake wote, haina swali linaloweza kumgundua. Wa wazo la kwanza ndiye mliyekuwa mkimhitaji, naye amekwenda zake.

Niruhusu nikupeleke Mabamba, Kibondo, kwenye soko lililo karibu na mpaka wa Burundi. Hapo nilimkuta msichana wa kidato cha tatu ameketi kando ya mama yake anayeuza unga wa muhogo na maharage, na juu ya mapaja yake daftari la mistari aliloligawa kwa rula: upande mmoja shilingi zetu, upande wa pili faranga za Burundi kwa bei ya siku ile, na chini ya ukurasa majina ya waliokopa. Akaja mteja, mtu mzima mwenye sauti, akidai kwamba deni lake amekwisha kulimaliza. Msichana hakubishana naye. Alifunua kurasa nyuma, akamwonyesha tarehe, akamwonyesha kilicholipwa na kilichosalia, na pembeni alama ya kidole gumba aliyoiweka mteja mwenyewe; yule bwana akatazama kitambo, akasema, "Haya, mwanangu," akatoa fedha. Nilipomuuliza binti huyo anataka kuwa nani, akajibu muuguzi. Na uhasibu je? Akasema, "Mwalimu, hiyo mimi siiwezi, Hisabati nilipata F kidato cha pili."

Ndugu Mkurugenzi, binti yule alikuwa akitunza daftari la wadaiwa na kubadili fedha za nchi mbili, huku akitunza ushahidi ambao ungekubaliwa hata barazani, na hakuna mtu aliyepata kumwambia kwamba alilokuwa akilifanya ni uhasibu. Sisemi Hisabati ipuuzwe, kwa kuwa vyuo vina masharti yao na masharti hayo yana sababu. Nasema kwamba hofu ya somo moja, lililofundishwa aghalabu na mwalimu mmoja kwa madarasa yaliyofurika, imefanywa kuwa mlinzi wa mlango wa fani ambayo kazi yake ya kila siku inataka zaidi utaratibu, subira, mwandiko unaosomeka na dhamiri isiyonunulika, na hayo msichana huyo alikuwa nayo yote.

Shuleni hali ni hii. Katika sekondari nyingi za kata zilizoongezeka tangu mpango wa maendeleo ya sekondari wa 2004, somo la utunzaji wa vitabu vya hesabu ama halikuwapo, ama lilishikwa na mwalimu wa somo jingine kwa kujitolea. Pale lilipofundishwa, wanafunzi wamekariri kwa Kiingereza hesabu za makampuni na ubia ambao hakuna aliyepata kuuona, ilhali hesabu za chama cha msingi cha kahawa kule Manyovu, na za kikundi cha akina mama wa Kasulu, na za kijiji chao wenyewe, zote zimeandikwa kwa Kiswahili umbali wa kutembea kwa miguu. Mwanafunzi anaweza kusawazisha urari wa duka la kubuni na asijue kwamba chama cha baba yake hukaguliwa na COASCO, lile shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, wala COASCO ni nini. Mtaala mpya uliofuata Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima katika sekondari, na mimi naliona hilo kuwa mlango mkubwa uliofunguliwa. Lakini somo la lazima bila mwalimu aliyepata kuigusa leja ya kweli huenda likazalisha hofu mpya kando ya ile ya Hisabati.

Bodi yako iliundwa kwa Sheria Na. 33 ya 1972, wakati ambapo nchi, baada ya Azimio la Arusha, ilikuwa imejitwalia mabenki na viwanda na mashirika, na wahasibu wazalendo wa kuyatunza walikuwa haba. Mwaka huo huo kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Serikali ya siku zile ilikwenda kuwatafuta vijana, ikawasomesha, kwa kuwa ilijua kwamba mali ya umma isiyo na watunza hesabu ni mali ya yeyote mwenye mkono mrefu. Haja ya aina ile ile ipo huku leo kwa umbo dogo zaidi. Halmashauri zinatakiwa kutoa asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuvikopesha vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na kila kikundi kinahitaji mtu anayejua kuandika kilichoingia na kilichotoka. Vyama vya ushirika vinahitaji makarani ambao mkulima anaweza kuwauliza swali. Kazi zipo kabla hata hatujazungumza juu ya benki za mjini.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, ambalo halihitaji bajeti kubwa, ni kwamba saa za mafunzo endelevu ambazo Bodi huwadai wanachama wake zihesabiwe pia pale mhasibu aliyesajiliwa anapozitumia kufundisha katika sekondari ya kata, kwa utaratibu mtakaouweka na kwa uthibitisho wa mkuu wa shule. Wahasibu wa halmashauri za Kasulu Mji, Kasulu Wilaya na Kibondo wako karibu na shule hizi kuliko mtu yeyote, na wengi wao, nawajua, wangekuja kwa hiari kama kuja kwao kungetambuliwa. Waje na hati za malipo zilizokwisha kazi, waje na daftari la fedha, wawaonyeshe watoto jinsi shilingi moja inavyofuatwa kutoka kwa mlipaji hadi benki. Waseme pia, bila kuficha, habari za mhasibu aliyekataa kutia saini, kwa kuwa wapo, na watoto wetu hawajapata kuwasikia.

Jingine ni hili. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Mara nyingi husomwa haraka haraka na mtendaji, watu wakiwa wamesimama juani, na wanafunzi hawapo. Naomba Bodi ishirikiane na halmashauri ili wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne waalikwe, na mhasibu awepo kufafanua. Mtoto atakayemwona bibi yake akisimama kuuliza fedha za matofali ya zahanati zimekwenda wapi, kisha akaona karatasi ikimjibu bibi huyo, atakuwa ameielewa kazi hii kwa namna ambayo kitabu hakiwezi kumpa.

Aidha, wengi hawajui kwamba mitihani yenu ya Mei na Novemba ina ngazi ya awali, ile ya ATEC, wala kwamba Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Kigoma mjini, hata si lazima tena kupanda treni kwenda kutafuta elimu hiyo mbali. Kijitabu kimoja cha Kiswahili chepesi, kikieleza ngazi hizo tangu ya chini mpaka CPA, pamoja na gharama na masharti ya kila moja, kingefaa kuwekwa katika kila shule na kusomwa katika vikao vya wazazi.

Sisi walimu wa huku, wastaafu na walio kazini, tuko tayari kukaa na wakuu wa shule na kupanga ratiba ya ziara hizo kwa Kasulu na Kibondo, kuanzia muhula wowote mtakaoutaja. Tunachokingoja kutoka Dodoma ni barua yenu kwa wakurugenzi wa halmashauri tatu, na jina la mhasibu mmoja kwa kila halmashauri.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa somo la hesabu za biashara,
Kasulu.