Haki ya Uzazi si Mradi wa Wafadhili

Tarehe 24 Januari 2025 kalamu moja mjini Washington ilirudisha amri iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 1984: kwamba shirika la nchi nyingine linalotoa huduma ya kutoa mimba, au hata kuitetea tu, lisipewe msaada wa Marekani. Amri hiyo ilifutwa 1993, ikarudishwa 2001, ikafutwa 2009, ikarudishwa 2017, ikafutwa 2021, na 2025 ikarudishwa tena. Kila utawala unapobadilika katika nchi ile, wanawake wa mabara mengine hubadilishiwa masharti ambayo hawakuulizwa. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Julai 2025, USAID, shirika lililoanzishwa 1961 kugawa misaada ya Marekani, lilikoma kuendesha kazi hiyo. Uingereza ilikuwa imekwisha kutangulia: mwaka 2021 ilipunguza kwa takriban asilimia 85 mchango wake kwa mpango wa Umoja wa Mataifa unaonunua dawa na vifaa vya uzazi wa mpango kwa nchi maskini.

Sheria za Tanzania zenyewe haziruhusu kutoa mimba isipokuwa kwa ajili ya kuokoa maisha ya mama. Lakini shirika linalonyimwa fedha kwa sababu ya jambo hilo moja mara nyingi ndilo lile lile linalopeleka vidonge, sindano na vipandikizi vijijini. Hivyo ugomvi wa wanasiasa wa ng'ambo huweza kumfikia mwanamke wa Mnyambe, wilayani Newala, ambaye hakutaka lolote ila kupumzika miaka miwili au mitatu kabla ya kushika mimba nyingine. Kitu kinachoweza kuondolewa kwa saini ya mtu asiyemjua ni msaada. Hakijawa haki.

Katika jambo hili yapo makundi mawili yanayopotosha, na yote mawili yana wafuasi katika ofisi na shule.

Kundi la kwanza ni la wale wanaoshangilia. Husema kwamba habari za haki ya uzazi ni kasumba ya kigeni, na kwamba kuondoka kwa wafadhili ni kurudi kwa heshima ya Mwafrika. Maneno hayo hayana ukweli. Chama cha UMATI kilianzishwa mwaka 1959, kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa. Mwaka 1974 Serikali iliingiza uzazi wa mpango katika huduma za afya ya mama na mtoto. Tanzania ilishiriki katika mkutano wa Cairo wa 1994, na mwaka 2007 iliridhia Mkataba wa Maputo wa 2003, ambao uliandikwa na Waafrika kwa ajili ya wanawake wa Afrika.

Isitoshe, ni nani aliyewaambia watu hao kwamba wazee wa Masasi na Newala walikuwa bubu juu ya mambo haya? Mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alipopita sehemu hizo mwaka 1906 alikuta unyago wenye taratibu na walimu wake. Kungwi alimfundisha mwali habari za mwili wake, hedhi, usafi na unyumba, kwa lugha ya wazi ambayo leo walimu wengi wenye diploma huiogopa. Wala haifai kusema kuwa mila hiyo haiguswi. Askofu Vincent Lucas wa Masasi hakuifuta jando. Aliirekebisha ipate nafasi katika Kanisa, na jando ikaendelea kuishi.

Basi palipo na kasoro pasemwe. Wapo mabinti wanaochezwa unyago wakiwa bado hawajavunja ungo, kisha wanarudi darasani wakiwa wameambiwa kwamba wamekuwa wakubwa. Mwanamume mwenye tamaa huyasikia maneno hayo kama ruhusa. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inampa kisingizio, kwa kuwa kifungu chake cha 13 kilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kuwa jambo hilo linavunja Katiba, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo Oktoba 2019. Mwaka uliotolewa ulipita, na mingine ikafuata, huku kifungu kikibaki kama kilivyokuwa. Anayetetea mila bila kutaja hayo hatetei mila. Anamficha mhalifu.

Kundi la pili halina kelele, na madhara yake ni makubwa zaidi. Ni la mtumishi anayeamini kwamba afya ya uzazi ni kazi ya mradi. Mradi ukija, huitisha semina, hugawa fulana, hulipana posho na kuandika taarifa yenye hesabu ya waliohudhuria. Mradi ukiondoka, bango lake hubaki likishika kutu barabarani, na mtumishi huyo hukaa akingoja mwingine. Mtu wa namna hii ameyasahau mafunzo ya Azimio la Arusha la 1967, lililoonya kwamba taifa linalotegemea fedha za kigeni haliwezi kuwa huru kuamua mambo yake.

Hapana budi kusema kweli: fedha za nje zimesaidia. Vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 vilishuka hadi 104 katika utafiti wa 2022. Hayo ni matunda ya wakunga, waganga, Serikali na wafadhili pamoja. Lakini katika kipindi hicho hicho wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango hawakuongezeka. Walikuwa asilimia 32, wakawa 31. Na asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Semina zote zile hazikuwafikia.

Watu wa uwanda wa Makonde wanajua gharama ya kutegemea kisima cha mbali. Vizazi vingi vya wanawake viliteremka mabondeni kufuata maji na kupanda mlima na ndoo kichwani. Wenye busara walichimba mabirika nyumbani wakakinga mvua. Afya ya uzazi nayo yahitaji birika lake, na wa kulichimba wapo.

Kwanza, halmashauri zinazotoza ushuru wa korosho zitenge fungu la dawa za uzazi wa mpango na usafiri wa wajawazito, na fungu hilo lilindwe kabla ya safari na vikao. Pili, wauguzi wakae na makungwi na wakuu wa jando kabla ya likizo za shule, ili mwali asifundishwe ukubwa kabla ya wakati wake, na mvulana naye aambiwe kwamba mimba ni jukumu lake pia. Tatu, mwalimu atimize wajibu wake. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa msichana aliyekatishwa masomo kwa ujauzito arudi shuleni. Mwalimu mkuu anayeuweka waraka huo kwenye droo, au anayempokea binti huyo kwa kejeli hata akaacha mwenyewe, anaipinga Serikali inayomlipa mshahara. Tangu 2016 kumpa mimba mwanafunzi ni kosa la kifungo cha miaka 30. Lakini kesi nyingi humalizwa nyumbani, wazee wakipatana, huku mtendaji na mwalimu wakijua na kunyamaza.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kibali cha Washington wala London. Wanaharakati wa kimataifa wana nafasi yao, na sauti yao katika mikutano mikubwa ina faida. Hata hivyo sauti hiyo haimsindikizi binti kwenda zahanati, wala haisimami kutoa ushahidi mahakamani. Kazi hiyo ni ya muuguzi, mwalimu na mtendaji wa kata, ambao mishahara yao hutoka katika jasho la wazazi wa binti huyo.