Gitaa si Disko



Mpiga mugithi, ule muziki wa Kikuyu, hahitaji jukwaa. Gitaa moja, kipaza sauti kimoja, baa ya watu hamsini, na usiku umechangamka. Kijana wa Kisumu au Nakuru anayejifunza kupiga mbele ya watu ataanzia kumbi za namna hiyo, maana hakuna atakayemkabidhi uwanja wa Kasarani. Na hizo ndizo kumbi ambazo sheria zetu za Kenya zinazibana kuliko zote. Sidhani ni kwa nia mbaya. Walioziandika walikuwa wanawaza klabu yenye spika za ukutani.

Tazameni Kanuni za Kudhibiti Kelele na Mitetemo za mwaka 2009. Katika eneo mchanganyiko, yaani makazi yenye maduka na sehemu za burudani, ziliruhusu desibeli 55 mchana na 35 usiku. Usiku wenyewe unaanza saa mbili na dakika moja. Sasa, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika desibeli 60 hivi! Kwa kipimo hicho gitaa lisilo na waya wowote ni kosa, na kicheko cha mteja vilevile. Kanuni isiyoweza kutiiwa haimlindi jirani. Inampa afisa nafasi ya kuchagua leo amkamate nani. Mwenye klabu kubwa ana wakili; mwenye baa ndogo humwambia tu mwanamuziki asirudi wiki ijayo.

Jirani simpuuzi. Novemba 2022, Kaunti ya Nairobi ilipotangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi, waliokuwa wamekeshwa na besi walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini besi ile ilitoka kwenye mashine za madijei, na rungu likishainuliwa halichagui kichwa.

Uingereza walipita njia hii. Zamani baa ya huko iliweza kuweka wanamuziki wawili bila kibali cha ziada. Sheria ya Leseni ya 2003, iliyoanza kutumika Novemba 2005, ikaufuta msamaha huo: hata mpiga gitaa mmoja pembeni akahitaji leseni. Wanamuziki na wapenzi wao hawakunyamaza. Waliwasumbua wabunge miaka mingi, hadi mswada binafsi wa Lord Clement-Jones ukawa Sheria ya Muziki wa Moja kwa Moja ya 2012. Baa yenye kibali cha pombe na wasikilizaji wasiozidi 200 ikaruhusiwa muziki kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku bila leseni nyingine. Mwaka 2015 idadi hiyo ikapandishwa hadi 500. Majirani bado wana pa kulalamikia: ukumbi ukiwa kero, leseni yake hupitiwa upya na msamaha unaweza kuondolewa.

Sisi tuna urahisi ambao wao hawakuwa nao. Jedwali la Nne la Katiba limeziweka leseni za pombe, burudani za umma na udhibiti wa kelele mikononi mwa kaunti, na Ibara ya 196 inalilazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Ada za leseni hupangwa katika mswada wa fedha wa kaunti kila mwaka. Vikao vyake huwa na viti vitupu, na wanaojitokeza mara nyingi ni wenye biashara kubwa.

Basi tuvijaze viti hivyo. Tudai daraja la pekee la leseni kwa ukumbi mdogo wa muziki wa moja kwa moja, ada yake iwe ya chini, mwisho wa muziki uwe saa tano, na chombo kisicho na umeme kiachwe kipigwe. Kipimo cha kelele kichukuliwe mlangoni kwa jirani, kwa kiwango ambacho binadamu anaweza kukifuata. Mwakilishi wako wa wadi anapiga kura juu ya mambo haya yote. Mpigie simu kabla ya kikao, kisha uende, na umchukue mwanamuziki wa mtaa wenu pamoja na jirani anayemlalamikia.