Jina la mgonjwa si la kuuza

Mu Kisangani, mtu mwenye kutaka kutengeneza filamu juu ya ajali za barabara hatakosa habari. Kuanzia njia ya Bafwasende mpaka ile ya Banalia, ni karieri gani yenye haina mchimbaji aliyevunjika mguu juu ya pikipiki? Magumu ni kupata wale wenye watakubali kusema wenyewe mbele ya kamera, bila kusukumwa. Sisi tunaona kama filamu za namna hiyo zinafaa. Lakini namna ya kutafuta watu njo inatuletea shida.

Njia ya mkato tunaijua wote: kuingia hospitali, kuongea polepole na infirmiye, kumwachia madesu ya bana, na kutoka na majina na namba za vyumba. Hiyo tunaikataa. Katiba yetu ya 2006, artikle 31, inalinda maisha ya ndani ya kila mtu, na sheria ya makosa inamwazibu munganga mwenye kutoa siri aliyopewa ku kazi yake. Infirmiye anaweza kufanya kitu kimoja tu: kupeleka barua ku kitanda, namba ya simu ikiwa ndani. Mgonjwa akitaka, ataita mwenyewe. Asipoita, hilo nalo ni jibu. Tena asiulizwe siku damu ingali inatoka, maana mtu mwenye maumivu anaitikia kila kitu.

Tuko na mfano hapa kwetu. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alitengeneza filamu *En route pour le milliard*, yenye ilichaguliwa ku Cannes mu 2020. Haikuwa juu ya ajali. Ilikuwa juu ya watu walioharibika viungo mu Vita ya Siku Sita, mwezi wa Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. (Wachimbaji hawana lazima ya kukumbushwa kama almasi haikuwa mbali na vita hiyo.) Lakini tuangalie watu wale walitoka wapi. Walikuwa tayari mu shirika lao, walishakata shauri ya kudai malipo, na wakashuka mto mpaka Kinshasa kuyadai. Kamera ilifuata shauri yao, haikuwatungia.

Wenye kuumizwa ku barabara, wengi hawana shirika. Basi habari ipitishwe ku koperative za wachimbaji, ku chama cha wamotari, ku kanisa, wazi mbele ya wote, na mwenye kutaka ajilete.

Kwa mchimbaji kuna hatari ingine, na si haya tu. Huyu alianguka usiku na dhahabu mu mfuko, na mwenye shimo hajasahau. Huyu hana karte yenye sheria ya mine inaomba. Yule aliambia mama yake kama yuko salama, na ni mwaka mzima sasa anatembea na fimbo. Kufunika uso hakutoshi. Mu karieri mtu anajulikana kwa sauti, kwa kovu, kwa jina la shimo, hata kwa kofia yake. Mgeni wa kutoka Kinshasa ao Ulaya hawezi kujua hayo. Amuonyeshe mwenyewe picha kwanza, na amuulize: hapa nani atakujua?

Na mwenye alikufa? Hapo hata sisi ku meza ya gazeti tunagawanyika. Mara nyingi baba mdogo njo anaitikia upesi, kwa jina la jamaa, na mjane hajamaliza hata matanga. Wengine kati yetu wanasema jamaa ni jamaa. Wengi tunasema neno la mjane litangulie.

Franka ya transport na ya siku ya kazi yenye ilipotea, ilipwe, na iandikwe. Franka ya kununua «ndiyo», hapana. Karatasi ya kukubali isomwe kwa Kiswahili ao Lingala, si kwa Kifaransa tu, mbele ya mtu mmoja wa kwao. Na akigeuza moyo mbele filamu haijatoka, picha yake iondolewe, hata kama njo ilikuwa nzuri kupita zote.