Binti anaanguka shuleni, umpeleke kwa nani?

Mama mmoja msomaji wa ukurasa huu ameniandikia kuhusu binti yake wa kidato cha pili. Katikati ya somo binti anaganda, macho yanatazama lakini haoni mtu, ukimwita haitikii. Siku nyingine anaanguka na kutetemeka, na akizinduka hakumbuki kitu. Amemeza dawa za kifafa mwaka mzima bila nafuu, ameombewa, na mganga mmoja ameondoka na mbuzi. “Mdogo wangu,” ananiuliza, “sasa niende kwa nani?”

Nilikumbuka bweni letu. Mwenzetu akipiga kelele usiku tulikuwa tunakimbilia nje, kesho yake tunaambiwa ni mapepo. Hakuna aliyemuuliza nyumbani kwao kukoje.

Dada, kuna hali ambayo wataalamu huiita disosiesheni. Akili ikizidiwa na jambo zito hujitenga: mwili upo, mwenyewe hayupo. Wengi wetu huionja kidogo, kama ule wakati unaposhtuka daladala imeshapita kituo chako. Inakuwa ugonjwa pale mtu anapopoteza kumbukumbu, anapoanguka, au anapozungumza kama mtu mwingine. Mara nyingi nyuma yake kuna kiwewe: kipigo, ukatili wa kingono, msiba, ugomvi wa nyumbani usioisha. Mtoto hajifanyi.

Hata hivyo, anza na daktari, ili kifafa kichunguzwe vizuri, ikiwezekana kwa kipimo cha umeme wa ubongo. Mwombe mwalimu amrekodi binti kwa simu anapoanguka, na video hiyo aione daktari tu, isiingie kwenye magrupu. Kwenye kifafa macho mara nyingi huwa wazi. Kwenye disosiesheni mara nyingi hufumbwa, na tukio huchukua muda mrefu zaidi. Dawa za kifafa usizikatishe mwenyewe. Wapo wenye vyote viwili, na kuziacha ghafla ni hatari.

Vipimo vikiwa safi, usikubali kuambiwa “hana kitu, mrudishe shule”. Omba rufaa ya afya ya akili. Muhimbili wana idara hiyo, Bugando na KCMC pia, na Mirembe ya Dodoma ndiyo kazi yake. Ulizia msaikolojia tiba, maana hakuna kidonge cha kutibu disosiesheni yenyewe. Dawa husaidia sonona au kukosa usingizi, lakini tiba ni mazungumzo, ya miezi, wakati mwingine miaka. Kwa hiyo uliza mapema bei ya kikao na kama bima yako inalipa.

Usihangaike kutafuta bingwa wa disosiesheni peke yake. Unayemhitaji ni mtu aliyezoea watoto waliopitia kiwewe. Mimi ningemuuliza ataanzia wapi. Akijibu kwamba ataanza na usingizi, shule, na kumfundisha binti kujituliza, kaa umsikilize. Akiahidi kwamba kikao cha kwanza atamfanya akumbuke yote, chukua mkoba wako. Kumbukumbu husubiri mtoto awe imara kwanza, na ukizilazimisha unaweza kumwangusha zaidi. Ningemuuliza pia atafanya nini binti akipotea mbele yake. Anayeijua kazi atasema atamwita kwa jina kwa upole, amwambie yuko wapi na leo ni siku gani, ampe kitu cha baridi akishike.

Linalofuata ni gumu kuliandika. Mtaalamu ataomba kuzungumza na binti wewe ukiwa nje. Mruhusu. Kama anayemuumiza analala nyumba hiyo hiyo, vikao havitafika mbali mpaka watenganishwe. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haitozwi hela, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto.

Nilipomjibu hivyo, mama alikaa kimya siku mbili. Kisha ukaja ujumbe mfupi: kuna ndugu wa kiume aliyehamia kwao mwezi mmoja kabla binti hajaanza kuanguka. “Sikuwahi kuyaweka pamoja,” aliandika.

Amenikubalia nichapishe haya baada ya binti kuhamia kwa bibi yake. Rufaa wameshapata, na kikao cha kwanza ni Jumanne.