Jeshi Likiitwa Mjini, Tuulize Maswali Manne



Kila mara mambo yanapochafuka Masasi au Newala, iwe kwa siasa au kwa bei ya korosho, barazani husikika neno moja: "Safari hii wataleta jeshi." Mmoja hulisema kwa hofu, mwingine kwa matumaini. Tume inawasihi wote wawili waulize kwanza: Nani ameliita? Kwa sheria ipi? Kwa kazi gani? Litaondoka lini?

Hatulidharau Jeshi la Wananchi. Wazee wa Newala, ambao huutazama mto Ruvuma kutoka ukingoni mwa uwanda wa Makonde, wanakumbuka miaka ya vita vya ukombozi wa Msumbiji na wanajua ni nani aliwakinga na Wareno. Oktoba 2020, wavamizi walipovuka mto na kukishambulia kijiji cha Kitaya, nani angeukataa ulinzi wa jeshi? Mpakani ndipo mahali pake. Sokoni na mitaani ni mahali pa raia, na pa polisi wanaowajibika mbele ya mahakama.

Tuukumbuke mwaka 2013. Mwezi Januari, Masasi iliwaka moto: ofisi, magari na nyumba za viongozi viliteketezwa, na watu wakapoteza maisha. Uovu ule hatuutetei. Mei 22, baada ya hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kusisitiza mradi wa bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, ghasia zikazuka Mtwara na wanajeshi wakaletwa. Wanne kati yao walikufa kwa ajali ya gari wakiwa safarini kutoka Nachingwea. Nao ni watoto wetu, tuwaombee. Raia nao walilalamika kupigwa na kuteswa. Bomba likajengwa. Lakini je, swali la wananchi, kwamba gesi hii itatufaa nini sisi tunaoishi juu yake, lilijibiwa? Bunduki huweza kuinyamazisha hoja, kuijibu haiwezi.

Ikaja Novemba 2018. Wakulima wa Newala na Tandahimba walikuwa wameikataa bei ya mnada. Rais Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi lizisombe na kulinda maghala. Wengi wetu tulishangilia. Kisha wakulima wengi wakasubiri fedha zao kwa miezi. Mkulima anayegombana na chama chake cha ushirika husimama mkutanoni akadai hesabu. Mbele ya mwenye gwanda, amdai nani? Tena, anayeshangilia jeshi likipanga soko lake leo, atasema nini kesho likipanga mkutano wake? Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, wanajeshi waliingia mitaani Dar es Salaam, na raia wakaamriwa kutotoka nje usiku. Maswali yale yale yakarudi.

Wapo watakaosema kwamba Amiri Jeshi Mkuu haulizwi. Wasome Katiba. Ibara ya 148 inaweka madaraka hayo mikononi mwa Rais bila kuathiri sheria zilizotungwa na Bunge. Ibara ya 32 inataka tangazo la hali ya hatari lipelekwe Bungeni, liungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge, tena liwe na kikomo. Na kuuliza kunawezekana: mwaka 2013 Kamati ya Bunge ilichunguza maovu ya Operesheni Tokomeza, na mawaziri wanne wakaondoka madarakani.

Kwa hiyo tunadai:

Kwanza, amri ya kulipeleka jeshi miongoni mwa raia iwe ya maandishi na itangazwe.

Pili, itaje kazi yenyewe na siku ya mwisho.

Tatu, jeshi liwasaidie viongozi wa kiraia, lisishike nafasi yao.

Nne, Bunge lipewe taarifa, na aliyedhulumiwa afunguliwe mlango wa mahakama.

Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji (Luka 3:14), hakuwaambia waache kazi yao. Aliwawekea mipaka: wasidhulumu, wasisingizie, waridhike na mshahara wao. Nasi hatuombi zaidi ya hayo.

Kwa mazungumzo katika Jumuiya: Je, mwaka 2013 na 2018 sisi wenyewe tuliuliza maswali haya manne? Kama hatukuuliza, ni nini kilitufunga midomo: hofu, au tamaa ya bei?