Blanketi la Pikiniki Litazame Mgongo Kwanza



Mfunguo mosi ukiingia, Idd na harusi zinafuatana, na hapa kwenye vyerehani vyetu Fundo swali linalotufikia sana siku hizi si la dera wala la baibui. Ni hili: tununue blanketi gani la kwenda nalo pikiniki? Mabibi harusi ndio wanaouliza zaidi, kwa sababu blanketi hilo nalo limeshaingia katika vitu vya begi la mwari, pamoja na mashuka, mataulo na udi.

Jibu letu ni fupi. Kabla hujalisifu uso wake, ligeuze ulitazame mgongo.

Tunalisema hili kwa sababu tulikosea sisi wenyewe. Blanketi la mwanzo tulilomshonea bibi harusi lilikuwa zuri kweli. Juu kitambaa cha manyoya laini rangi ya waridi, katikati sponji, chini nailoni isiyopitisha maji. Ili sponji isitembee, tukalipiga mistari ya cherehani toka juu mpaka chini, vyumba vyumba kama vya godoro la kukunja. Kila aliyeingia dukani alilishika.

Alipotoka fungate, yule mwari akaenda ufukweni na mumewe pamoja na mawifi. Alfajiri ilikuwa imenyesha, mchanga ukawa na maji. Wakatandika, wakanywa chai, wakala sambusa na mkate wa kumimina. Adhuhuri ilipoadhiniwa, wenziwe wakanyanyuka kutia udhu, yeye akabaki amekaa. Nguo yake yote ya nyuma imerowa na imemgandama mwilini, na pwani wapo watu. Alikaa vile vile mpaka wifi yake mmoja alipoelewa, akamfunika kanga. Akasali peke yake baada ya wenziwe.

Siku ya pili akatuletea blanketi lake limekunjwa vizuri. Hakugomba. Alisema tu, "Dada zangu, hili maji yanapanda."

Tukalitandika juu ya meza, tukalimwagia kikombe cha maji upande wa chini, tukabonyeza kwa kiganja. Maji yakatokea juu kwa mstari, tundu kwa tundu, pale pale ilipopita sindano yetu. Nailoni ilikuwa nzima, tulioitoboa ni sisi. Tulimrudishia pesa zake na tukamshonea jingine, lakini ile siku yake ya ufukweni hatukuweza kumrudishia.

Basi dada, ukiwa dukani Wete, Chake Chake au Darajani, ligeuze. Ukiona nyuzi za cherehani zimekatiza katikati ya mgongo, jua kila shono ni njia ya maji, hata muuzaji aape. Mgongo mzuri ni kipande kimoja kisicho na mshono katikati, kilichoshikwa pembezoni tu. Ule mgongo wa foili inayong'aa una joto na una wepesi, lakini kukunjwa na kukunjuliwa kunaubandua, na ukianza kubanduka hauna dawa. Sisi tunapenda nailoni nene ya turubai jepesi.

Pili, upana. Watu wengi wanapima blanketi kwa kukaa. Sisi tunasema lipime kwa sajda. Msala wa kawaida una urefu wa sentimita 110 hivi, na mtu mmoja anataka upana wa sentimita 60 au zaidi kidogo. Kwa hivyo blanketi la mita 2 kwa mita 1 na nusu linachukua wanawake watatu safu moja, mabega yamekaribiana, na sajda zao zote zinabaki juu ya kitambaa. Hapa kwetu Pemba tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, basi ukifika ufukweni tandika upande mrefu uende mashariki na magharibi tangu mwanzo. Wakati wa sala ukiingia hamtahangaika kuondoa masahani na kuligeuza.

Tatu, uso wake. Manyoya laini yanavutia dukani, lakini yanakamata mchanga na kishona nguo, na utayachambua mpaka Magharibi. Pamba nzito ya kufumwa, kama marekani, mchanga wake unakung'utika mara moja. Rangi iwe tulivu. Tunajua kisa cha Mtume (S.A.W.) alichosimulia Bibi Aisha (R.A.), kwamba alisali na nguo yenye nakshi, kisha akaamuru ipelekwe kwa Abu Jahm na aletewe nyingine isiyo na nakshi, kwa kuwa ilimshughulisha katika sala. Ikiwa yeye alijihadhari, sisi na maua yetu makubwa ya kung'aa tujifikirie.

Hapa lazima tuseme neno kuhusu kanga. Doti moja ukikata na kuunga vipande kwa upande wa urefu, unapata kama mita 1 na nusu kwa mita 2 na kidogo, kipimo kile kile tunachokitaka. Ndiyo maana wengi wanatuletea doti tuwashonee. Tunashona, lakini kwanza tunasoma jina. Kanga nyingi zina jina la Mwenyezi Mungu ndani ya maneno yake, na hiyo haifai kutandikwa chini ikakaliwa na kukanyagwa. Ivae, au mpe mama yako. Na zile za mafumbo ya kumsema wifi, jamani, mtakaa nazo vipi pamoja na huyo wifi?

Nne, ufuaji. Kwenye pikiniki kuna watoto, na mtoto hana miadi. Mkojo ukiingia kwenye sponji nene iliyoshonewa ndani, utaimwagia maji, utaikamua, na masika yote haikauki. Mwisho inatoa harufu na moyo wako hautulii kusalia. Kwa hivyo sasa sisi tunashona vipande viwili: uso wa pamba wenye utepe mwembamba wa kujaza ndani, na mgongo wa turubai peke yake, vinashikana kwa vifungo pembezoni. Unafungua, unafua uso, mgongo unaupangusa. Sindano haiugusi mgongo isipokuwa ukingoni. Kwenye pembe nne tunatia vitanzi vya kupitisha vijiti au kuwekea mawe, kwa sababu kusi likivuma halijui kuwa umetandika.

Na unapolikunja, kunja uso kwa uso, mgongo ubaki nje. Mgongo ndio uliolala kwenye matope na mavi ya mbuzi. Ukiukunja ukagusana na uso, umeharibu usafi wa mahali pa kuweka paji la uso wako.

Tunajua mama zetu watasema: mkeka umefanya nini? Wana haki ya kuuliza. Wengi wetu tumelelewa na ukili mikononi. Mkeka haukamati mchanga, unapitisha hewa, na jua la saa moja linaukausha. Kwa uani, barazani na chini ya mwembe hauna mpinzani, na tunawaomba mabibi harusi wasiuache, maana nyuma ya kila mkeka kuna mwanamke aliyekaa siku nyingi kuusuka. Lakini mkeka haukunjiki, unaviringishwa. Kwenye mashua ya kwenda Wete iliyojaa watu ni mti mrefu unaochoma majirani, na kwenye mchanga wa maji unapitisha unyevu kisha unashika koga. Rai yetu ni hii: ardhi ikiwa kavu na safari ikiwa fupi, chukua mkeka. Ikiwa kuna chombo cha kupanda na ardhi ya maji, chukua blanketi. Kutandika mkeka juu ya turubai nako ni akili, ikiwa yupo wa kubeba.

Pia msidhani ni kitu cha pikiniki tu. Mume akienda dago, blanketi hilo hilo analala juu yake. Msimu wa karafuu, wanaohamia kambini wanalihitaji. Ila karafuu usianike juu yake. Majamvi yapo.

Wazee wa Pemba wanasimulia kisa cha Misali, kile kisiwa cha magharibi ya Chake Chake ambacho tangu 1998 ni eneo la hifadhi. Wanasema Nabii Khidhri alifika pale, akawaomba wavuvi msala apate kusali. Hawakuwa nao. Akasema basi, kisiwa chenyewe kitakuwa msala wangu, na ndipo kikapata jina. Ni masimulizi ya wazee, hatuyafanyi zaidi ya hapo. Lakini kila tukipakia chombo tunawakumbuka wale wavuvi. Walikuwa na nyavu, walikuwa na chakula, na walipoombwa kitu cha kutandika kwa ajili ya Mola wao, hawakubeba.

Mwisho tunasema na wewe bibi harusi, na mama yako anayekupangia begi. Tumeona makabati ya watu waliooana miaka mitano nyuma. Blanketi bado liko ndani ya nailoni yake, halijaguswa, linaogopewa lisichafuke. Anas (R.A.) amesimulia kuwa bibi yake alimwalika Mtume (S.A.W.) kula, na baada ya chakula akasimama kuwasalisha. Mkeka uliokuwapo ulikuwa umeshakuwa mweusi kwa kutumika siku nyingi. Anas akaunyunyizia maji, wakasali juu yake. Nyumba ile haikuona haya kwa mkeka uliochakaa kwa kukaliwa.

Basi usinunue la kuonyesha siku ya kufunguliwa begi. Nunua la kuchakaa na mumeo, na wanao, na mawifi zako. Na ukitupa kazi sisi, tumwagie maji mbele yetu kabla hujalipa. Hatutakasirika, tumeshajifunza.

Mwenyezi Mungu azibariki ndoa zenu, azijaalie safari zenu kuwa za kheri na sitara, na wakati wa sala usiwakute mmekaa kwenye maji. Amin.